Ulikula Nini Jana, Mama?

Mama yuko kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, ungo wa karanga mapajani. Ni Mkalama, mkoani Singida, saa nne asubuhi, na jua limeshaanza kuyachoma majabali yaliyotapakaa mashambani. Mdodosaji ameshaamkia, ameshapewa maji ya kunywa, ameshaulizwa kwao ni wapi. Anafungua daftari.

“Mama, twende taratibu. Jana ulipoamka, kitu cha kwanza ulichotia mdomoni kilikuwa nini?”

“Jana? Aa, mwanangu, jana tulikula kawaida tu.”

Hapo ndipo kazi inapoanzia. “Kawaida tu” ni jibu la ukweli, na halifai kitu. Ndani yake mna uji, ugali, mlenda, karanga zilizotafunwa wakati wa kupukuchua, kikombe cha chai kwa jirani, makombo ya mtoto yaliyomaliziwa ili yasitupwe. Kuna watu waliojifunza kulifungua jibu hilo polepole, kama mtu anavyofungua fundo la kamba bila kuikata, na baadhi yao wameifanya hiyo kuwa kazi ya maisha yao yote. Wanatafuta uhusiano kati ya sahani na saratani. Kitaaluma inaitwa epidemiolojia ya saratani na lishe.

Nimezaliwa mkoa huu, na mara kadhaa nimekaa pembeni ya mahojiano ya namna hii, nikiwa mtu wa kutafsiri Kinyiramba pale Kiswahili kilipopungua. Nilikwenda nikitarajia kuona sayansi ya mashine. Nilichokiona ni ufundi wa masikio, wa mikono na wa subira, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia kwa heshima.

Mahojiano ya chakula cha saa 24 hupitiwa kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza mama huachwa aseme bila kukatizwa: uji asubuhi, ugali na mlenda mchana, ugali na maharage usiku. Vitu vitatu, dakika mbili. Asiye na ujuzi angeshukuru na kuaga. Mwenye ujuzi anarudi mwanzo. Ulipokuwa ukipika, ulionja? Ulipokwenda kuchota maji ulipitia kwa mtu? Mtoto alipobakiza, nani alimalizia? Mzunguko wa tatu unafuata saa za siku, wa nne unafuata vipimo, na wa mwisho unauliza kama kuna kilichosahaulika. Kati ya mzunguko wa kwanza na wa mwisho nimeona orodha ya vitu vitatu ikawa vitu kumi na kimoja, na mama hakuwa amedanganya hata mara moja.

Kuna namna ya kuuliza. Mdodosaji mzuri hasemi, “Hukula matunda?” kwa sababu swali hilo limeshabeba jibu lake. Hasemi “chakula cha mchana” mpaka mama mwenyewe aseme kwamba alikula mchana. Na uso wake haubadiliki. Mama akisema alikunywa pombe ya mtama msibani, kalamu inaandika vile vile ilivyoandika maharage. Akisema siku nzima alikula mara moja, kalamu haisiti. Mtu akiona aibu katika macho ya mgeni, ataongeza nyama ambayo haikuwepo ili kulinda heshima ya nyumba, na nyama hiyo ya heshima itakwenda kwenye hesabu na kuiharibu.

Kinachonivutia zaidi ni kipimo. Kwetu ugali unakaa kwenye sinia moja na watu wanauzunguka. Utajuaje mmoja alikula kiasi gani? Nilimwona dada mmoja akitoa mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba na kumwomba mama ajaze unga kwenye bakuli lile lile la jana, mpaka pale alipojaza jana. Akapima. Kisha akauliza waliokuwa kwenye sinia: watoto watatu, bibi, mama mwenyewe, baba alikuwa mnadani. Nani alinawa kwanza? Nani aliondoka wa kwanza? Kulikuwa na kiporo jikoni. Akamwomba mama amege tonge kama anavyomega siku zote. Mama akamega, akalibonyeza kwa kidole gumba likawa na kishimo cha kuchotea mlenda, akaliweka kwenye mizani badala ya mdomoni. Gramu 41. “Tena, mama.” Gramu 38. “Na tena.” Walimega matonge sita, na mwishowe mama mwenyewe alikuwa akiinama kusoma namba kabla ya mgeni. Kwa mlenda walitumia maji: upawa ule ule, umejazwa maji mpaka pale mlenda ulipofika, yakamiminwa kwenye kikombe chenye alama. Mlenda huteleza hata kwenye hesabu, na yule dada aliuheshimu kwa kuupima mara mbili.

Gramu hizo zikifika ofisini zinahitaji kitabu cha kuzitafsiri. Tanzania inacho. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa jedwali la virutubisho vya vyakula zaidi ya 400 vinavyoliwa nchini, kazi ya Zohra Lukmanji na wenzake, akiwemo Nicholas Mlingi, ambaye miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa waliochunguza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, kule Tarime. Jedwali ni safu baada ya safu za namba, na mtu wa kawaida angelifunga baada ya ukurasa wa kwanza. Lakini nyuma ya kila safu kuna mtu aliyekaa akazikusanya namba za chakula tunachokula sisi, ili mtafiti wa Kitanzania asilazimike kumpa mama wa Mkalama virutubisho vya mkate wa Ulaya.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye muda. Saratani nyingi huchukua miaka 20 au zaidi tangu mwanzo wake mpaka mtu ajisikie mgonjwa. Sahani ya jana peke yake haisemi kitu. Kinachotafutwa ni mazoea ya miaka, na mazoea hayo yanabadilika kwa majira. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili hivi. Ukimuuliza mama huyu mwezi Juni, wakati mavuno yamejaa, utapata mtu mmoja. Ukimuuliza Februari, ghala likiwa limebaki vumbi, utapata mwingine. Kwa hiyo mdodosaji anarudi. Anarudi siku ya mnada, anarudi Jumapili, anarudi kiangazi. Anayeifanya kazi hii kwa haraka hapati kosa dogo. Anapata nchi isiyokuwepo.

Mtu aliyenifanya niione fani hii kama safari ya maisha ni daktari mpasuaji aliyekuwa na jicho moja. Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho akiwa na miaka 11 kwa jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake. Alifika Uganda mwaka 1946, kwanza Lira kisha Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya iliyotokea mara mbili. Yeye alirudi Mulago akafungua majalada ya zamani, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokipenda. Alitaka kujua ugonjwa huu unaishi wapi. Akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni Afrika nzima na swali moja: umewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipokuja, alichomeka pini kwenye ramani. Kisha tarehe 7 Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari la Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa mkononi kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi, kilomita kama 16,000, kusini kabisa mpaka Afrika Kusini, wakipita Tanganyika katika miezi ile ile tuliyokuwa tukiusubiri uhuru wetu. Walitembelea hospitali karibu 60. Gharama yote ilikuwa pauni 678. Walibeba albamu ya picha, wakaketi na madaktari na wauguzi, wakauliza swali lile lile.

Tazama alivyothamini neno “hapana”. Daktari wa nyanda za juu akijibu kwamba katika miaka kumi hajawahi kumwona mtoto wa namna hiyo, Burkitt aliandika kwa makini kama vile ameambiwa wamo ishirini. Kwa sababu zile hapana ndizo zilizochora mpaka. Ugonjwa haukupenda mahali pa baridi wala mahali pakame. Karibu na ikweta ulikoma kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka ulishuka. Ramani ile ilifanana na ramani ya mbu na malaria. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivikuta virusi ndani ya chembe za uvimbe ule, na leo tunajua kwamba malaria ya mara kwa mara na virusi hivyo hushirikiana kuuleta. Yote yalianzia kwa mtu aliyeuliza, akasubiri barua.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na angeweza kustarehe na sifa zake. Badala yake akageukia chakula. Alikuwa amekaa miaka 20 akiwapasua watu wa Afrika Mashariki na kukuta kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana na kidole tumbo, huku yalikuwa nadra. Akaandikia tena hospitali za vijijini, zaidi ya mia moja, fomu kila mwezi: mwezi huu mmeona wangapi? Sifuri ziliporudi aliziandika. Kisha akapima kinyesi. Naliandika jambo hili bila haya kwa sababu yeye alilifanya bila haya. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker na Neil Painter, alionyesha katika jarida la Lancet kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, mabaharia wa jeshi la Uingereza gramu 104, na chakula kilipita haraka zaidi tumboni mwa Mganda. Akasema ni nyuzinyuzi: makapi ya nafaka, majani, mizizi, kile kinachoondolewa unga ukikobolewa uwe mweupe.

Hapa inabidi nikiri jambo, na ufundi wenyewe unanifundisha kulikiri. Kulinganisha mwanakijiji wa Uganda na baharia wa Uingereza kunaonyesha njia, lakini hakuthibitishi. Wawili hao wanatofautiana katika mambo mia: nyama, pombe, sigara, uzito, kazi ya jua, umri wa kuishi. Waliomfuata Burkitt walilijua hilo na wakaupima upya kila uzi wa hoja yake. Mwaka 2000 jaribio moja la Marekani liliwapa watu zaidi ya 2,000 chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo kwa miaka minne, na vivimbe vya utumboni vilirudi vile vile kama kwa wenzao. Mtu angesema Burkitt amekwisha. Mwaka 2003 Sheila Bingham wa Cambridge na wenzake, wakiwa na takwimu za watu karibu 520,000 kutoka nchi 10 za Ulaya, walionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani ya utumbo mpana mara chache kuliko waliokula chache. Bingham alikuwa ametumia maisha yake kutafuta njia za kumhakiki mdodosaji: alichukua mkojo wa saa 24 na kuusoma kama shahidi wa pili, kwa kuwa mkojo haujui aibu wala kusahau. Hivyo ndivyo hoja inavyokomaa katika fani hii. Wanaichukua, wanaivunja, wanairudisha ikiwa imepungua majivuno na kuongezeka nguvu.

Nikisoma habari hizo huwa naitazama sinia ya kwetu. Ugali wa uwele, ugali wa mtama, mlenda, majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi: ni chakula ambacho Burkitt angekitolea mfano. Na naona pia sembe nyeupe ikizidi kupanda juu ya sinia, kwa kuwa mahindi yamechukua mashamba na kwa kuwa mgeni akija anapikiwa cheupe. Bibi yangu aliita dona chakula cha watu wenye kazi. Sasa hivi kijana akipewa dona anauliza kama kuna mgonjwa ndani.

Je, mabadiliko hayo yanaonekana hospitalini? Mwaka 2016 Leonard Katalambula na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa kupekua rejista na majalada ya wagonjwa katika hospitali mbili za taifa. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na ya puru walikuwa wameongezeka mara sita katika muongo mmoja. Karibu nusu yao waliandikisha makazi yao Dar es Salaam. Namba ya namna hiyo mtu wa fani haimezi nzima nzima. Mgonjwa anayetoka Iramba akifikia kwa mpwa wake Mbagala, anapoulizwa anakaa wapi anataja Mbagala, kwani ndiko simu inakopigwa. Na hospitali ikipata kipimo kipya, wagonjwa wataonekana wengi hata kama hawakuongezeka mitaani. Kupekua majalada ni kazi ya vumbi, ya miandiko isiyosomeka na kurasa zilizokatika, na anayeifanya kwa uaminifu anaandika pia kile ambacho jalada halikusema.

Lakini katika eneo letu hili la kati, sahani na saratani zinakutana wazi zaidi kwenye ghala. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, hasa mmea ukipata ukame shambani, kisha mazao yakaanikwa chini kwenye udongo na kuhifadhiwa kabla hayajakauka. Ulimwengu uliijua baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula kilichotengenezwa na karanga mbovu. Waliokwenda kuuliza kama inaua watu pia walikuja huku kwetu. Nchini Uganda, miaka ya 1960, Michael Hutt wa Makerere na wenzake walikusanya sampuli 480 za vyakula, wakakuta sumukuvu karibu katika tatu za kila kumi, na Karamoja, kulikokuwa na sumukuvu nyingi, ndiko saratani ya ini ilikozidi. Kisha Frank Peers na Allen Linsell wakaenda Murang'a, Kenya. Waliigawa wilaya kwa mwinuko, juu, kati na chini, na walipima chakula kama kinavyoliwa, kilichoiva tayari, kwa sababu kilichomo ghalani na kilichomo mdomoni si kitu kimoja. Katikati yao yuko mama anayepepeta na kuchambua. Mwaka 1973 walitoa majibu: kadiri sumukuvu ilivyozidi kwenye chakula kutoka juu kwenda chini, ndivyo saratani ya ini ilivyozidi.

Fikiria ilivyokuwa kubisha hodi nyumba baada ya nyumba saa ya chakula cha jioni na kuomba sehemu ya chungu. Nani angekubali, kama aliyeomba hakujua kuomba?

Miaka ya baadaye damu na mkojo vilikuja kuunga mkono. Kule Shanghai, wanaume zaidi ya 18,000 walitoa mkojo na damu wakiwa wazima, vikahifadhiwa, wakafuatiliwa. Waliokuwa na dalili za sumukuvu peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara tatu na zaidi. Waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake, mara saba. Waliokuwa na vyote viwili, karibu mara 60. Sumu ile hubadilishwa na ini lenyewe ikawa kali, ikanasa kwenye vinasaba, na mara nyingi huacha kovu mahali pamoja, kwenye jeni ya p53, sehemu ya 249, kama chapa kwenye paja la ng'ombe. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002. Kwa hiyo watoto wetu wamevuliwa mzigo mmoja kati ya miwili. Wa pili umebaki ghalani.

Mwaka 2016 tuliuona ukiua bila kusubiri miaka 20. Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, majirani zetu, na Kiteto mkoani Manyara, watu walianza kuvimba tumbo na macho kuwa ya manjano baada ya kula mahindi waliyoyalima wenyewe. Waliougua walikuwa 68, wakafa 20. Watafiti wa Tanzania, akiwemo Martin Kimanya, ambaye tangu miaka ya 2000 alikuwa amepita vijijini kupima mahindi ya ghalani, walikwenda nyumba kwa nyumba wakilinganisha nyumba zenye wagonjwa na nyumba za jirani zisizo na mgonjwa. Swali likawa lile lile. Mlikula nini? Kilitoka wapi? Mlikianika juu ya nini?

Na alizeti, fahari ya Singida, ile mitungi ya mafuta inayopangwa kandokando ya barabara kuu wasafiri wa mabasi ya Mwanza wakiipokea dirishani? Mwaka 2017 Juma Mmongoyo na wenzake walichapisha vipimo vya mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mikoa kadhaa. Dodoma na Singida zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza kwa sumukuvu kwenye mbegu. Sumu hiyo haipendi mafuta. Sehemu kubwa hubaki kwenye mashudu. Na mashudu yetu huliwa na ng'ombe na kuku, na ng'ombe hutoa maziwa, na sehemu ya sumu hupita humo. Niliposoma kazi hiyo nilihuzunika kama mtu aliyesikia habari mbaya ya ndugu, kisha nikashukuru kwamba kuna aliyekwenda kwenye vile vinu vidogo akaomba kiganja cha mbegu na kukipima, maana kinachojulikana kinaweza kukaushwa vizuri, kuchambuliwa na kutengwa.

Kipimo kingine nitakitaja kwa ufupi tu, ingawa nakipenda. Saratani ya umio inaandama ukanda mrefu wa Afrika Mashariki. Mkoani Kilimanjaro watafiti waliwaendea watu 188 wakati wa chai, wakaingiza kipimajoto kikombeni na kusubiri mtu aanze kunywa. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6 za Selsiasi, juu kuliko utafiti wowote wa awali. Chai ya maziwa ilinywewa ya moto zaidi, kwa sababu chai ya rangi hupoa haraka mara mbili. Asilimia 70 ya wanywaji wa chai ya maziwa walisema wamewahi kuungua ulimi. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2015. Mwaka uliofuata shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likatangaza kwamba kuna uwezekano mkubwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vinasababisha saratani. Tangu nimesoma hayo, chai ya nyumbani naiacha mezani kwanza.

Anayeingia katika fani hii akiwa na miaka 28 anajua kwamba watu anaowauliza leo atahitaji kuwafuatilia mpaka nywele zake ziwe nyeupe. Atakusanya sahani ambazo atakuja kuzifasiri mwingine. Jina lake litakuwa la sita katika orodha ya waandishi kumi na wanne. Mwanasiasa atamwuliza matokeo ni lini, na yeye atajibu kwa miongo. Nimewahi kukaa na mtu wa namna hiyo kwenye kibanda cha chai Nduguti, akisahihisha fomu za siku kwa kalamu nyekundu, na alikaa dakika kumi nzima juu ya neno moja, “mboga”, kwa kuwa msaidizi wake hakuandika mboga gani. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki, akarudi kilomita zote zile kwenda kuuliza.

Turudi kwa mama na ungo wake. Saa imepita. Jua limehama, kigoda nacho kimehamishwa kufuata kivuli. Vimeandikwa vitu kumi na kimoja, vimepimwa. Dada wa mizani amefunga mkoba. Lakini mzunguko wa mwisho haujafanyika, na hataki kuuruka.

“Mama, kuna chochote tulichokisahau? Hata kidogo.”

Mama anafikiri. Vidole vyake havijaacha kazi. Vinachambua karanga muda wote huu, nzuri zinabaki kwenye ungo, zilizosinyaa na zenye ukungu zinaangukia kwenye kopo la bati miguuni pake. Yule dada analitazama kopo kwa mara ya kwanza.

“Hizi mbovu, mama, huwa unazitupa?”

“Nizitupe? Jua lote hili nililima? Hizi nazisaga, naungia mboga. Zilizooza kabisa ndizo za kuku.”

Dada anakaa chini tena. Anafungua mkoba, anatoa mizani, anageuza ukurasa mpya.

“Jana uliungia mboga gani, mama?”